Tumwachie dogo

Kaka,

Habari za tangu Jumapili? Huku tu wazima, mama anakusalimia na anauliza utapita lini.

Mimi usingizi umenipaa tangu usiku ule dogo alipopigiwa simu aje na gari kumtorosha mwenzetu. Ulikuwa umeshaondoka, hukumwona alivyofika. Fulana ya shoo bado imemganda mwilini, funguo zinamcheza mkononi. Wimbo wake unapigwa kila kona ya mtaa, halafu sisi tunamwita amfiche mtu aliyepora simu. Na alikuja, kaka. Hakuuliza hata swali moja.

Nikamkumbuka Bobby Shmurda, yule rapa wa Marekani. Wewe ndiye uliyenionyesha ile video, anarusha kofia juu wala huioni ikirudi chini. Kijana wa East Flatbush, Brooklyn. Mwaka 2014 wimbo ule ulipanda hadi namba 6 kwenye chati ya Billboard. Desemba 17 mwaka huohuo, polisi wakamdaka nje ya studio ya Quad, Manhattan, yeye na washikaji zake. Alikuwa na miaka 20 tu. Dhamana ikawekwa dola milioni 2, akasota mahabusu hadi Septemba 2016, alipokiri kula njama na kumiliki silaha. Panaponiuma ni hapa: mwenyewe alieleza kuwa yeye aliahidiwa miaka 5 jela, na mshikaji wake Rowdy Rebel 12. Akakubali kubeba 7 ili mwenzake naye apewe 7. Alikuja kutoka Februari 2021.

Unakumbuka tulivyomsifu maskani? Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote, nikasema huyo ndiye mwana. Sasa najuta. Tulihesabu alichotoa yeye, hakuna aliyeuliza ni nani alipaswa kumwambia mapema: wewe nenda zako, ya huku tutayamaliza wenyewe.

Na Lil' Kim, yule rapa wa kike wa Marekani, je? Mwaka 2001 risasi zilirindima nje ya redio ya Hot 97, New York. Alipohojiwa kwa kiapo akasema rafiki zake wawili hawakuwepo, kumbe kamera za redio zimewanasa wakitoka naye. Mwaka 2005 akafungwa mwaka mmoja na siku moja kwa uongo ule. Na kati ya waliosimama mahakamani kutoa ushahidi dhidi yake walikuwemo wenzake wa zamani wa kundi lake la rap, Junior M.A.F.I.A. Yeye aliwafichia watu, wenzake wakamwanika.

Dogo hawezi kutukatalia, unamjua. Amekula kwetu, amelala kwetu, akikataa ataona ametutupa. Kwa hiyo sisi ndio wa kuacha kumwita. Akitaka kuja, aje Jumapili mchana mama apike pilau, tukae naye, kisha arudi studio kwake.

Yule mwenzetu nimeshamwambia: ukidakwa nitakuletea chakula kituoni mimi mwenyewe, ila dogo asipigiwe simu. Amenuna, hanisemeshi hadi leo. Wewe anakusikiliza. Mpitie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo dogo ana shoo Morogoro na nimesikia jamaa anataka kuomba nafasi kwenye gari.

Wako,
ndugu yako wa maskani