Barua kwa mwanangu anayekwenda kukagua roketi zilizorudi

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Sisi huku Ngomeni hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Ujumbe wako tuliusoma kwa sauti mbele ya shangazi zako, ili kila mmoja asikie kwamba umechukuliwa katika kikosi cha Florida kinachokagua hatua za kwanza za roketi, yaani zile sehemu za chini zenye injini kubwa, baada ya kutua. Nimefurahi, wala sikuificha furaha yangu mbele ya watu. Makaratasi yako ya ukaazi wa kudumu uliyasubiri kwa subira ambayo mimi sijajaliwa, na bila hayo sheria ya Marekani isingekuruhusu kugusa kipande chochote cha roketi pasipo kibali maalumu. Hata hivyo, tangu siku ile kuna maneno yako ya mwisho yananikosesha usingizi: kwamba kazi itakuwa nyepesi kwa sababu roketi hizi zimekwisha kuthibitisha uimara wake.

Nakuomba maneno hayo usiende nayo kazini.

Sidharau hata kidogo yaliyofanyika. Tarehe 21 Desemba 2015, hatua ya kwanza ya Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, iliporudi na kusimama wima Cape Canaveral, wengi waliokuwa wakisema haiwezekani walinyamaza. Hatua iliyotua juu ya tishari baharini mwezi Aprili 2016 ilirushwa tena tarehe 30 Machi 2017, yaani ilikaa karibu mwaka mzima ikifunguliwa, ikipimwa na kubadilishwa vipuri kabla ya kuaminiwa mara ya pili. Mwezi Machi 2025 hatua nyingine ilirushwa tena baada ya siku 9 tu, na sasa iko iliyokwisha kuruka zaidi ya mara 30, ilhali toleo lake la Falcon 9 lilipoanza kutumika mwaka 2018 lilikusudiwa kuruka mara 10 bila matengenezo makubwa. Haya ni mafanikio ya kweli, na kila safari imewafundisha wahandisi mahali pa kutazama na mahali pasipo na haja ya kufunguliwa. Hofu yangu ni kwamba muda wa kukagua unapofupika, jicho la mkaguzi huanza kuona kile linachotarajia kukiona.

Wewe ni mhandisi na mimi ni fundi wa injini za boti, kwa hiyo sikufundishi kazi yako. Lakini habari za Challenger, kile chombo cha anga cha Marekani, nimezisoma na kuzirudia, na ningependa uzisome upya kwa ajili ya jambo moja. Watu hukumbuka baridi ya asubuhi ya tarehe 28 Januari 1986, pete za mpira zilizoshindwa kuziba maungio ya roketi ya pembeni, chombo kilichosambaratika sekunde 73 baada ya kuruka na watu saba waliokufa. Wachache hukumbuka kwamba zile roketi mbili za pembeni zilikuwa za kurudiwa. Ziliangukia Atlantiki kwa miavuli, meli zikazivuta hadi Florida, zikafunguliwa, na maganda yake yakapelekwa Utah kujazwa upya. Maana yake ni kwamba ushahidi ulikuwa ukirudishwa mikononi mwa wakaguzi. Mwaka 1981, katika safari ya pili tu ya vyombo vya aina hiyo, ilionekana pete iliyoliwa na moto. Mwezi Januari 1985, baada ya chombo kurushwa katika baridi, Roger Boisjoly, mhandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo za pembeni, aliona grisi iliyogeuka nyeusi kati ya pete mbili, dalili kwamba gesi ya moto ilikuwa imeipita pete ya kwanza. Mwezi Julai mwaka huo aliwaandikia wakubwa wake kwamba jambo hilo lingeweza kuua watu, na usiku wa kuamkia urushaji wa Challenger yeye na wenzake walisihi chombo kisirushwe.

Wakubwa ambao wahandisi hao walishindwa kuwashawishi walikuwa na hoja moja, na ndiyo hoja iliyomo katika ujumbe wako: mbona safari zilizopita zilirudi salama? Alama ya moto iliyopaswa kuwatisha iliandikwa, ikazoeleka, kisha ikahesabiwa kuwa jambo la kawaida kwa sababu chombo kilikuwa kimefika.

Roketi za Scout zilizorushwa hapa kwetu pwani ya Kenya kutoka San Marco, jukwaa lililoko baharini, tangu 1967 hadi 1988, zilitumika mara moja tu, na kila alama ya moto iliyokuwamo ilipotea pamoja nazo. Yaliyoipata ile iliyobeba setilaiti ya Uhuru, mtu angeweza kuyajua kwa vipimo vya redio tu. Wewe utapewa kile walichonyimwa wahandisi wa Scout, yaani chuma chenyewe kilichokwenda na kurudi, kikiwa na masizi, nyufa na uvujaji wake. Itakuwa dhuluma kukipitia haraka haraka kwa sababu tu kimesimama wima.

Tena kusimama wima si hoja. Mwezi Agosti 2024 hatua iliyokuwa katika safari yake ya 23 iligusa tishari, ikashika moto na kuanguka. Mwezi Machi 2025 nyingine ilitua vizuri, kisha moto ukawaka sehemu ya injini na ikaanguka, na uchunguzi ukaonyesha kwamba mafuta yalianza kuvuja tangu roketi ilipokuwa ikipanda, isipokuwa huko juu hapakuwa na hewa ya kutosha kuyawasha. Tafakari hilo, mama. Ubovu ulikuwapo safari nzima, na kazi yote ya roketi ikatimizwa.

Babu yako, ambaye hukuwahi kumwona, alipopandisha mashua pwani hakuuliza imefika Lamu mara ngapi. Alipitisha kidole katika kalafati ya kila ubao, na palipolegea aliitoa pamba kuukuu akatia mpya, hata kama abiria walikuwa wanangoja na kulalamika. Umerithi vidole vyake, na sisemi hivyo kwa kukupaka mafuta. Lakini tangu utotoni una haraka ya kumaliza, na walimu wako waliokusifu kwa wepesi hawakukusaidia. Na mimi pia, kama yapo maneno niliyowahi kusema kuhusu kazi za mitambo na watoto wa kike, yaache huko yalikobaki, maana sitaki yawe sababu ya wewe kukimbilia kuonyesha kwamba unaweza. Unaweza. Huna wa kumwonyesha.

Ninachotaka ni kwamba siku utakapoona alama usiyoielewa, hata ndogo, hata kama imeonekana safari tano zilizopita na hakuna kilichotokea, usitie saini. Andika, piga picha, muulize aliyekutangulia, na akikujibu kwamba hiyo ni ya kawaida, muulize ni nani aliyeithibitisha na kwa kipimo gani. Kumbuka kwamba tangu mwezi Aprili 2021 wanaanga nao hupandishwa juu ya hatua za Falcon 9 zilizokwisha kutumika, kwa hiyo saini yako inaweza kuwa chini ya viti vya watu.

Pesa ulizotuma tumenunulia mabati ya upande wa jikoni, na fundi ataanza baada ya mvua. Dawa za presha za mama yako zipo, ingawa huzimeza anapokumbuka, naye atakusikiliza wewe kuliko mimi, basi mkumbushe. Mdogo wako amefaulu hesabu na sasa anataka kusoma mambo ya roketi kama wewe. Nimemwambia aanze kwa kuifungua pampu ya kisima, aniambie imeharibika wapi kabla ya kuagiza mpya.

Utakapopata nafasi, nipigie jioni baada ya magharibi, uniambie jambo moja ambalo sikulipata katika yote niliyosoma: je, mkaguzi mgeni kama wewe, akiwa na shaka na wenzake hawana, anaruhusiwa kusimamisha urushaji, na anamwambia nani?

Ni mimi,
Baba yako