Richmond hatukusikia hukumu, tulisikia kelele tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme hili, maana watu wakikaa na likatajwa jina la marehemu Mzee Lowassa, waziri mkuu wetu wa zamani, na sakata la umeme wa Richmond lazima ubishi uanze, huyu anasema alikuwa fisadi yule anasema alionewa, na wote wawili hawana hukumu ya mahakama ya kuonyesha.

Tukumbushane kidogo. 2006 ukame ulikausha mabwawa, mgao wa umeme ukatutesa kwelikweli, ndo ikaletwa kampuni ya Richmond izalishe megawati 100. Kumbe kampuni yenyewe haina uwezo, mitambo ikachelewa, mkataba ukahamia kwa kampuni nyingine, Dowans, na Tanesco, shirika letu la umeme, ikatakiwa kulipa shilingi milioni 152 kwa siku, umeme uwake usiwake. Takukuru, taasisi ya kupambana na rushwa, wakachunguza wakasema hamna rushwa, halafu kamati teule ya Bunge chini ya mbunge Mwakyembe ikaja na mengine kabisa, ikamtaja na Lowassa. Februari 7, 2008 Waziri Mkuu akatangaza kujiuzulu, mawaziri Karamagi na Msabaha nao wakaondoka.

Mi nilidhani hapo ndo kazi inaanza, kumbe ndo imeisha. Lowassa siku ile alilalamika bungeni kwamba kamati haikumwita kumhoji, na hata kama humpendi ile hoja ilikuwa nzito, unamhukumuje mtu hujamsikiliza? Lakini na yeye alikuwa na maswali ya kujibu, na mahali pa kuyajibu ni kizimbani sio kwenye majukwaa ya kampeni. Kwa Richmond hakushtakiwa hata siku moja.

Ikaja 2015, vichekesho vitupu. Wapinzani Chadema, hao hao waliomweka Lowassa kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembe Yanga 2007 wakampa bendera agombee urais, na chama tawala CCM waliokaa naye miaka yote ile baada ya kujiuzulu ghafla wakaikumbuka Richmond! Mwenyewe akasema mwenye ushahidi aende mahakamani, sikuona aliyekwenda. Akapata kura zaidi ya milioni 6. Machi 2019 akarudi CCM, akapokelewa kwa shangwe, Richmond ikasahaulika tena. Yaani ufisadi wetu unategemea umevaa shati la rangi gani.

Ile divisheni ya rushwa na uhujumu uchumi ya Mahakama Kuu ilianza 2016, mzee alikuwa hai mpaka Februari 2024, hakuna aliyempeleka wala aliyetoka kusema hana kosa. Wakati huohuo sisi bili tulishaletewa, 2010 wasuluhishi wa kimataifa waliamua Dowans walipwe kama bilioni 94. Wanaosema kujiuzulu kunatosha sijui wanawaza nini, kujiuzulu ni kuachia kiti, pesa iko palepale ilipokwenda. Hata kwenye sakata la fedha za umeme za akaunti ya Escrow ya Tegeta 2014 ilikuwa hivyo hivyo, vyeo viliondoka kwanza, na kesi tuliyoiona 2017 ilikuwa ya wafanyabiashara.

Ombi langu ni moja. Kamati ya Bunge ikimtaja kigogo kwenye ripoti, sheria impe DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, muda, tuseme miezi sita, atoke hadharani aseme anampeleka mahakamani au hana kesi naye, na kama hana atuambie kwa nini. Na hilo jalada la Richmond la Takukuru, lile lililosema hamna rushwa, walitoe tulisome.

Mteja wa Tanesco,
Dar es Salaam