Mabondo ya sangara yapewe nambari yake forodhani

Ndugu Mhariri,

Habari za mikutano ya BRICS, kundi la nchi zikiwemo Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini, hutufikia zikiwa zimejaa dola, mabenki na siasa za wakubwa. Huku kando ya Ziwa Victoria, uhusiano wetu na nchi hizo umo katika bidhaa mbili ambazo hazitajwi mikutanoni: mabondo ya sangara yanayokwenda China na Hong Kong, na nyavu za timba, yaani za uzi mmoja wa plastiki, zinazoletwa kutoka Asia. Mawaziri wa mazingira wa BRICS wamekuwa wakikutana tangu mwaka 2015. Wakati umefika wakae na wenzao wa biashara, wazitazame bidhaa hizi mbili pale zinapovuka mpaka.

Kwa wasomaji walio mbali na ziwa, bondo ni kile kifuko cha hewa kilicho chini ya uti wa mgongo wa samaki. Bei yake hupangwa kwa gramu za kila bondo: kilo ya mabondo makubwa ni ghali kuliko kilo ya madogo. Bondo kubwa hutoka kwa sangara mkubwa, na wengi wa sangara wakubwa ni majike yanayobeba mayai kwa mamilioni. Ndiyo maana nchi za ziwa, kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria (LVFO) lenye makao Jinja, ziliwahi kukubaliana kipimo cha sentimita 50 hadi 85, ili mdogo akue na mama abaki. Soko la mabondo linauvuta uvuvi upande mwingine: linalipa vizuri kwa mama, na bado linanunua ya wadogo kwa jumla.

Ugumu unaanzia mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Sangara mzima hupimwa kwa rula, lakini bondo likishatolewa, afisa uvuvi hana cha kupima. Linapasuliwa, linaparuzwa utando wa damu na mafuta, linaoshwa, linaanikwa kwenye chanja. Damu ikibaki, linabadilika rangi na kushuka daraja. Likianikwa chini linashika mchanga, na likifungwa kabla ya kukauka vizuri linaota ukungu. Wakala akishapanga madaraja, ya mialo ya Ukerewe, ya Kome na ya Kayenze yanaingia gunia moja. Kuanzia hapo hakuna awezaye kusema lipi lilitoka kwa samaki wa sentimita 40.

Kisha linafika forodhani. Katika mfumo wa nambari za bidhaa unaotumika duniani kote, mabondo makavu yako 0305.72, nambari moja na vichwa na mikia ya samaki. Mabondo ya bei ghali na vichwa vya kuchemshia supu vinaandikwa mstari mmoja! Yaliyogandishwa nayo hupotea kwenye kundi la "mengineyo". Kwa takwimu za namna hiyo, hakuna waziri wa upande wowote anayeweza kujua ziwa linatoa mabondo kiasi gani kwa mwaka.

Dawa yake haihitaji mkataba mpya. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima, lakini Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Afrika Mashariki una tarakimu nane, na hizo mbili za mwisho ni zetu. Mawaziri wa fedha wa jumuiya hurekebisha ushuru huo kila mwaka kabla ya bajeti, na mabadiliko huanza Julai 1. Wanaweza kutenga mstari mmoja wa mabondo makavu na mwingine wa yaliyogandishwa. China nayo itenge vivyo hivyo, ili takwimu za mwuzaji zilinganishwe na za mnunuzi. Zikipishana sana, ndipo mkaguzi anapojua pa kutazama.

Nambari peke yake haipimi samaki. Hapo tunawahitaji watafiti wa uvuvi wa TAFIRI wa Mwanza pamoja na wenzao wa Jinja na Kisumu watengeneze jedwali la pamoja: urefu wa samaki, jinsia, uzito wa bondo bichi, na uzito wa bondo hilohilo likishakauka. Vipimo vichukuliwe misimu yote na kwenye mialo mingi. Bichi na kavu visichanganywe kamwe, kwa kuwa bondo hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake likikauka, na jedwali moja litamtia hatiani asiye na kosa. Jedwali likishapatikana, mkaguzi mwenye mizani ya gramu anaweza kutoa uamuzi. Achukue sampuli juu, katikati na chini ya gunia, maana madogo hufichwa chini.

Upande wa China mlango uko wazi nusu. Tangu Januari 1, 2022, kanuni za forodha yao zinavitaka viwanda vya nje vinavyowauzia chakula visajiliwe. Usajili huo unatazama usalama wa chakula. Ongezeko la sharti la ukubwa wa samaki lingeweza kupita njia hiyohiyo. Ila Hong Kong ina forodha yake, na amri za Beijing za namna hii haziihusu. Makubaliano yatakayoiacha Hong Kong nje yatavuja siku ya kwanza.

Sipendekezi kupiga marufuku. Biashara ya totoaba, samaki wa Mexico, imefungwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu miaka ya 1970, na bado mabondo yake hutoroshwa kwa sababu ya bei. Sangara hajafika huko, na familia nyingi za mialoni zinamtegemea.

Nyavu nazo zina kasoro ileile. Timba ni ya uzi mmoja wa plastiki, haionekani majini, ni rahisi bei, na ikichanika haishonwi bali hutupwa, ikaendelea kunasa samaki bila mwenyewe. Hapa nchini ni haramu. Lakini nambari 5608.11 inasema tu nyavu za uvuvi za nyuzi za viwandani. Haitofautishi uzi mmoja na nyuzi zilizosokotwa. Kiwanda kinachoitengeneza hakivunji sheria ya kwao. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilichoma nyavu za wavuvi huku chanzo chake kikiwa salama. Tukitenga mstari wa timba, kontena litasimamishwa bandarini, jambo jepesi kuliko kuwafukuza wavuvi visiwani.

Tanzania si mwanachama wa BRICS, lakini Uganda ni nchi mshirika tangu Januari 2025, na Misri na Ethiopia, tunaoshiriki nao bonde la Nile, ni wanachama tangu 2024. India inashika uenyekiti mwaka 2026. Hoja ikipitia LVFO, Uganda inaweza kuibeba kwa niaba ya nchi zote tatu za ziwa.

Kwa upande wetu, Wizara ya Fedha hupokea maoni ya kodi na ushuru kila mwaka kabla ya bajeti. Wenye viwanda na vikundi vya BMU (vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi mialoni) vya Mwanza, Mara, Geita na Kagera wapeleke maombi ya pamoja yanayozitaja nambari hizo mbili, maneno ya mistari mipya, na sampuli ya timba na ya wavu wa kusokotwa ili wataalamu wa ushuru wauone utofauti kwa mikono yao.

Mdau wa uvuvi,
Kirumba, Mwanza