Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wanablogu

Ndugu wanachama,

Katiba inanitaka niwasilishe taarifa hii kabla ya uchaguzi, nami nitapita haraka kwenye yale mnayoyajua. Kamati ilikutana mara 9. Mafunzo ya kupunguza uzito wa picha na ya kuhifadhi nakala za blogu yalifanyika. Shindano la makala bora lilipata mshindi, tukampongeza wakati ule. Wanachama ni 61. Blogu zilizo hai, yaani zilizochapisha walau makala moja ndani ya miezi 3 iliyopita, ni 38. Zenye umri wa miaka 10 na zaidi ni 12. Zilizokufa kimyakimya ni 5, na moja ilifufuka. Jina la kikoa la chama, yaani anwani yake ya mtandaoni, lilibakiza siku 2 kuisha muda wake, nikalilipia kwa pesa yangu na sijadai.

Sasa lile la maoni.

Mnajua kamati iliamua kwamba blogu zote za wanachama zifunge sehemu ya maoni, na mwisho wa kila makala kiwekwe kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye Baraza, jukwaa letu jipya la pamoja. Nimeitwa dikteta. Nimeambiwa nimeua mazungumzo yaliyojengwa kwa miaka 15. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja ingawa yeye alinitaja, aliandika makala 3 mfululizo dhidi yangu. Nafurahi kwamba angalau zimemrudisha kwenye uandishi baada ya kimya cha miezi 8.

Wanaosema uamuzi haukupita kwenye mkutano mkuu wanasema kweli, ila wanaimeza nusu yake. Hoja iliwekwa kwenye ajenda ya mkutano wa pili, tukakosa akidi. Ikawekwa kwenye wa tatu, tukakosa tena. Mahudhurio ya mikutano 4 ya mwaka yalikuwa 31, 19, 17 na 14, na akidi ni 21. Mikutano yenyewe ni ya mtandaoni. Hakuna aliyeombwa kupanda gari. Ibara inayoiruhusu kamati kuamua pale mkutano unapokosa akidi mara 2 mliipitisha ninyi wenyewe, enzi zile mlipokuwa mkihudhuria.

Sababu yenyewe nilishaieleza, lakini narudia kwa waliokuwa hawapo. Tulikuwa na vibaraza 38, kila kimoja na watu wawili watatu wanaosemezana na mwenye nyumba tu. Msomaji wa blogu ya ushonaji hakuwahi kukutana na msomaji wa blogu ya vitabu, ingawa huenda wangepatana kuliko wanavyopatana na sisi. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alieleza kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni asilimia 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Chukueni blogu yenye wasomaji 200 waaminifu: asilimia 1 ni watu 2. Hao hawajazi benchi. Mgeni akichungulia akakuta kimya, haketi.

Leo Baraza lina watu 412 waliojisajili. Walioandika walau mara moja ni 57, na wanaoandika kila wiki ni 11, ambao 4 kati yao ni wajumbe wa kamati, nikiwamo mimi. Najua mtacheka. Lakini hata mkitutoa sisi 4, watu 7 kati ya 412 bado ni zaidi ya ile asilimia 1.

Hao 412 hawakuja wenyewe. Katika wiki 6 za kwanza, mada 40 kati ya 52 nilizianzisha mimi, usiku, baada ya kazi. Kila mgeni nilimjibu kwa jina lake ndani ya siku moja, maana anayeandika mara ya kwanza akakosa jibu ni nadra kurudi. Siandiki haya kutafuta sifa. Ratiba ya zamu ya kupokea wageni ilikuwa na majina 10, wakatokea 3.

Wapo waliouliza kwa nini tusingefungua kundi kwenye mtandao wa kijamii, ambako watu wapo tayari. Wakongwe wenzangu wanashangaza. Google Reader, huduma tuliyosomea blogu, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ikafungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Kundi ulilolijenga kwenye kiwanja cha mwingine huondoka na kiwanja. Wengine walitaka niingize Barazani anwani zote za barua pepe za wasomaji wetu kwa mkupuo. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Msomaji alitoa anwani yake apokee makala. Hakuomba kuandikishwa uanachama. Tungepata maelfu kwa siku moja, kisha barua zetu zingeishia kwenye taka.

Palipo na kosa nalikubali. Maelekezo niliyotuma hayakutofautisha kufunga maoni na kuyaficha, kwa hiyo kwenye blogu kadhaa majadiliano ya zamani yakatoweka machoni pa wasomaji, na pengine humo ndimo mlimokuwa na majibu ambayo watu walikuwa wakiyatafuta kwenye injini za utafutaji. Mengi yamerudishwa. Blogu 2 hazikurudishiwa kitu kwa sababu wenyewe walifuta kabisa badala ya kuficha. Ieleweke tu kwamba rasimu ya maelekezo hayo ilikaa mbele yenu siku 10 ikisubiri marekebisho, na hakuna aliyejibu hata neno.

Ada. Waliolipa yote ni 24, waliolipa nusu ni 9, na 28 hawajalipa chochote, wakiwamo wawili ambao kila mwezi wanaidai kamati mapato na matumizi. Mapato ni hao 24 na hao 9. Matumizi ni seva, ambayo haijui kusubiri mwisho wa mwezi.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kupata wasimamizi zaidi wa Baraza, kuwavuta vijana wanaoandika kwenye simu, na kuangalia uwezekano wa jarida la pamoja la barua pepe. Suala la kurudisha maoni kwenye blogu nitaliweka kwenye ajenda ya mkutano wa kwanza, lijadiliwe na watakaokuwapo.

Uchaguzi ni wiki ijayo. Nafasi ya katibu ina wagombea 2, ya mhazini haina hata mmoja. Ya mwenyekiti, pamoja na yote niliyoandikiwa mwaka mzima, hadi leo nimepokea jina moja, nalo ni langu.

Wenu,
Mwenyekiti