Vidonge vya majira: kwanza mashine ya presha, kisha paketi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vidonge vya majira, yaani vya kuzuia mimba. Huku Kusini, kuanzia Mikindani hadi Nachingwea, maneno juu yake hayaishi: vinaleta ugumba, vinarundikana tumboni, mtoto atazaliwa na kilema. Yote matatu si kweli. Kidonge huyeyuka kama dawa nyingine, na mwanamke akiacha kumeza anaweza kushika mimba mwezi uleule. Tatizo ni kwamba kelele za uongo zimefunika hatari ya kweli, na hiyo watu hawaisemi kabisa.

Hatari yenyewe ni damu kuganda ndani ya mishipa. Paketi ya kawaida ina vidonge 28: 21 vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, na 7 vya rangi ya kahawia ambavyo ni madini ya chuma tu. Estrojeni ndiyo inayoifanya damu iwe nyepesi kuganda. Bonge likijengeka kwenye mshipa wa mguu huweza kumeguka, likapanda na kuziba mapafu. Katika wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio na mimba, kama 2 hupatwa na jambo hilo kwa mwaka. Wanaomeza vidonge vya estrojeni na levonojestreli, ambayo ni aina ya projestini, ni kati ya 5 na 7. Ujauzito wenyewe unagandisha damu kuliko kidonge, kwa hiyo binti mwenye afya asitishike. Ila anayesafiri kwenda Dar es Salaam anakaa kitako saa nyingi mno. Basi likisimama Nangurukuru au Somanga, ashuke atembee.

Baadhi ya hao wachache wanaodhurika wangeweza kujulikana kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Mwenye presha ya 160/100 au zaidi haruhusiwi kabisa kutumia vidonge vyenye estrojeni, kwa sababu ya kiharusi na moyo. Kuanzia 140/90 atafutiwe njia nyingine. Vivyo hivyo mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, aliyewahi kuganda damu, mwenye saratani ya matiti, na mvutaji sigara aliyefika miaka 35. Kupima presha na kuuliza maswali hayo hakumalizi dakika kumi. Lakini paketi inauzwa dirishani kama Panadol, na muuzaji haulizi hata umri. Kibaya zaidi ni ile ya kuazimana: shoga yangu kavipenda, nami nipe. Presha ya shoga yako si yako.

Mama anayenyonyesha ana habari yake. Vidonge vyenye estrojeni asivianze kabla ya wiki 6 tangu kujifungua, kwani damu yake bado ni rahisi kuganda. Na hadi mtoto atimize miezi 6 ni vizuri aviepuke, maana huweza kupunguza maziwa. Vipo vidonge vya homoni moja, projestini peke yake, vinavyomfaa. Paketi yake haina vya kahawia, kila kidonge ni dawa, na humezwa saa ileile kila siku. Vile vya levonojestreli, akichelewa zaidi ya saa 3 ahesabu amekosa.

Kichefuchefu, matiti kuuma na matone ya damu katikati ya mwezi ni kero za miezi 3 ya mwanzo, na kwa wengi huisha. Kumeza usiku baada ya chakula husaidia. Ukitapika ndani ya saa 2 tangu kumeza, meza kingine.

Msimu wa korosho ndipo paketi nyingi zinapoharibika hesabu: mtu anahamia shambani, vidonge vinabaki nyumbani. Ukikosa kimoja au viwili vya homoni, meza kimoja mara unapokumbuka, hata kama siku hiyo vitakuwa viwili, kisha endelea. Vikifika 3, fanya hivyohivyo, lakini tumia kondomu siku 7. Na kama ni wiki ya tatu ya paketi, vya homoni vikiisha tupa vile vya kahawia, uanze paketi mpya kesho yake. Kusahau cha kahawia si kitu. Kuchelewa kuanza paketi mpya ndiko kunakopachika mimba, kwa sababu siku zisizo na homoni zikizidi 7 yai huanza kukomaa.

Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, aseme mapema. Dawa hizo hukivunja nguvu kidonge.

Ninachoomba kwa halmashauri zetu ni kidogo: kila duka la dawa muhimu linalouza vidonge hivi liwe na mashine ya presha inayofanya kazi, na mteja wa mara ya kwanza aelekezwe zahanati, ambako vinatolewa bure.

Na kwa watoa huduma wenzangu: mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kifua kikibana na pumzi kukata, kichwa kikipasuka ghafla, macho yakipoteza nuru, tumbo likiuma vibaya au upande mmoja wa mwili ukilegea, mwanamke aache vidonge na kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Wengi wanameza kwa siri. Mgonjwa anafika kashikwa mkono na mume au wifi, anaulizwa mbele yao kama kuna dawa anayotumia, anajibu hapana. Watoeni nje kwanza waliomsindikiza, kisha mrudie swali.

Muuguzi mkunga,
Masasi, Mtwara