Igizo la Pasaka lisiishie siku moja

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu michezo ya kuigiza inayoandaliwa na makanisa na vikundi vya mitaani kila Kwaresima na Desemba. Vijana wa kwaya hufanya mazoezi miezi miwili, kina mama wanageuza mapazia ya zamani kuwa kanzu za mitume, kisha igizo linaonyeshwa mara moja tu, Ijumaa Kuu, basi. Mwaka huu kwetu umeme ulikatika Petro akimkana Bwana kwa mara ya pili. Jogoo hakuwika kabisa, na onyesho jingine halikuwapo.

Tunayo TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha lake la kila mwaka, ila si kila mtu ana nauli ya kwenda huko. Napendekeza makanisa na vikundi vya kata moja vipange ratiba ya pamoja na kupokezana ukumbi wa shule kwa majuma matatu. Kiingilio kidogo kitalipia jenereta. Maofisa utamaduni wa wilaya nao wasaidie vibali vipatikane mapema, siyo wiki ya onyesho.

Mpenzi wa maigizo,
Morogoro