Salamu za Noeli: kwa wote walio zamu usiku huu

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa wanajumuiya, ndugu na marafiki mlio karibu na mlio mbali, nawasalimu kwa upendo katika mkesha huu wa Noeli, baada ya majuma ya Majilio ambayo tumewasha mishumaa minne ya shada mmoja baada ya mwingine, tukimngoja Bwana. Naandika salamu hizi mchana, nguo za kazi zikiwa zimeanikwa hapo nje, kwa sababu leo nimepangiwa zamu ya usiku wodini na sitakuwa pamoja nanyi katika Misa ya mkesha. Nilipoona jina langu kwenye ratiba nilihuzunika kidogo, kisha nikakumbuka Injili itakayosomwa usiku huu. Mwinjili Luka anasema wachungaji walikuwa makondeni, wakilinda kundi lao kwa zamu usiku. Hasemi kwamba walikuwa wakisali, wala kwamba walikuwa wamejiandaa kwa namna yoyote. Anasema walikuwa kazini, na malaika akawakuta huko huko.

Nimelitafakari neno hilo tangu juzi, nalo limenirudisha utotoni. Kigangoni kwetu, katika milima ya Mbinga, kusini mwa Tanzania, hatukuwa na kengele ya shaba ya kuita watu kusali. Tulikuwa na rimu ya gari iliyofungwa kwa mnyororo kwenye tawi la mparachichi, na katekista aliigonga kwa kipande cha nondo saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni: mapigo matatu, kimya, matatu, kimya, matatu, kisha mfululizo. Mwezi kama huu, mvua zikiwa zimekolea na palizi ya mahindi ikiwa haingoji, mlio wa mchana ulitukuta shambani. Mama alilaza jembe, akajifuta mikono kwenye kanga bila udongo kwisha, akafanya ishara ya msalaba, akaanza sala ya Malaika wa Bwana: Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria. Sisi watoto tulijibu huku tukiangalia mawingu. Tulipofika kwenye maneno “Neno la Mungu akatwaa mwili”, alipiga goti palepale kwenye udongo uliolowa, nasi tukasema, “akakaa kwetu.” Baada ya dakika chache jembe liliendelea, na alama ya udongo ilibaki kwenye paji lake la uso mpaka tuliporudi nyumbani kuteka maji.

Kwa miaka mingi nilidhani kengele ile ilikuwa inakatiza kazi ili Mungu apate nafasi yake. Sasa naona kwamba mama hakuwa akitoka kwenye kazi kumwendea Mungu mahali pengine. Alikuwa akikiri kwa sauti kuwa Mungu yupo hapo shambani, katikati ya magugu na mahindi. Maneno aliyoyapigia goti ndiyo fumbo lenyewe la Noeli. Katika Misa za leo usiku na kesho, tutakaposali Nasadiki na kufika mahali panaposimulia jinsi Mwana wa Mungu alivyopata mwili kwa Bikira Maria, kanisa zima litapiga magoti, jambo ambalo Jumapili nyingine hatulifanyi, kwa kuwa huwa tunainama tu. Mama alilipigia goti fumbo hilo mara tatu kwa siku, mwaka mzima, isipokuwa kipindi cha Pasaka tunaposali Malkia wa Mbingu tukiwa tumesimama. Kwake Noeli haikuwa siku moja ya Desemba.

Mtakapotembelea pango la Noeli kanisani, nawaomba mliangalie kwa muda hori la kulishia ng'ombe alimolazwa Mtoto Yesu. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alipoadhimisha Noeli ya mwaka 1223 kule Greccio, Italia, aliomba liandaliwe hori lenye nyasi kavu, na ng'ombe na punda waletwe, kwa sababu alitaka watu waone kwa macho yao shida alizozaliwa nazo Mtoto. Sisi tuliokulia kwa wafugaji tunajua hori si pambo. Ni chombo cha kazi, kimelambwa mpaka mbao zimekuwa laini, na mwenye ng'ombe alikihitaji asubuhi yake. Bwana alilazwa ndani ya kitu ambacho mtu fulani alikuwa akikitumia kila siku, na baadaye akaishi Nazareti karibu miaka thelathini, akijulikana kama seremala. Naona kwamba tunaiharakisha mno miaka hiyo tunapokimbilia miujiza.

Jioni, au kwangu mimi asubuhi ninapotoka kazini, nimejifunza kusali kwa namna aliyotuachia Mtakatifu Ignasi wa Loyola: kushukuru kwanza, kuomba mwanga, kupitia saa za siku moja baada ya nyingine, kuomba msamaha, kisha kuweka nia ya kujirekebisha. Sisi wauguzi tunapokabidhiana zamu tunapita kitanda kwa kitanda, na mgonjwa asiyelalamika hatumruki. Ndivyo ninavyojaribu kumkabidhi Bwana zamu yangu. Wiki iliyopita, nilipokuwa nikipita hivyo katika sala, nilimwona tena mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe, namna alivyomimina uji kutoka chupa yake ya chai na kumpelekea mzee wa kitanda cha jirani ambaye hakuwa na ndugu wa kumletea chakula. Usiku ule nilipita karibu yao nimebeba dawa na sikuona kitu. Nilikuja kumwona Bwana pale saa nyingi baadaye, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha daladala, rozari mkononi. Katika sala hiyo hiyo nilimkuta pia binti niliyemjibu kwa ukali aliponiuliza jambo lile lile kwa mara ya tatu, na nilipoingia zamu iliyofuata nilianzia kwake kuomba radhi.

Wachungaji, asema Luka, walirudi wakimtukuza Mungu. Walirudi kwa kondoo wao. Nami nawatakia heri na baraka za Noeli ninyi nyote: mnaosafiri kwenda nyumbani, mnaopika mkiwa na wageni wengi, mliofiwa mwaka huu na mnaogopa kuiona sikukuu, na hasa walinzi, madereva, askari, wauguzi na wote mtakaokesha kazini wakati wengine wanaimba Utukufu. Mtoto Yesu awabariki ninyi na watoto wenu. Kesho saa sita mchana, popote mtakapokuwa, naomba tusali pamoja Malaika wa Bwana, nitakuwa nimeamka.